Ukoo wa Juu ya Mti

Saa kumi na moja alfajiri, msitu wa Batang Toru,
natandaza plastiki chini ya kiota
nangoja orangutani aamke akojoe.
Ndiyo kazi yangu. Nilisomeshwa kwa mavuno sita ya mpunga
nije nikinge mkojo wa mtu wa msituni.
Hayo ya mwisho ni maneno ya baba.

Unashuka ukigonga majani, wa moto, una harufu ya tunda bichi.
Naufyonza kwa bomba, matone kumi na tano,
naandika kwenye kichupa: Nai Bulung.
Kwetu pia mama huitwa kwa mwanawe.

Baba hampendi. Msimu uliopita alituchumia duriani arobaini na moja,
akala polepole, mbegu akazitemea mabati yetu mapya,
na baba akapiga debe hadi debe likatoboka.

Majibu yalipofika kutoka maabara
baba alivaa miwani.
Herufi nne tu, kurasa na kurasa, bila nukta, bila pumzi.
"Lugha gani hii?"
Nikasema: tarombo.
Akacheka. Tarombo yetu anaijua vizazi kumi na saba,
anapanda nayo hadi kwa babu wa kwanza bila kumeza mate.
"Ya nani?"
Yake. Na yako.

Nikamwonyesha pale mnakili wa kale alipokosea:
jeni ya kujitengenezea vitamini C, ilivunjika
kabla hajawapo mtu, kabla hajawapo orangutani,
na kila aliyenakili alinakili pamoja na kosa.
Baba, aliyesahihisha madaftari miaka thelathini, akatulia.
"Wawili wakikosea herufi ileile," akasema,
"walikaa dawati moja."

Wao kromosomu arobaini na nane, sisi arobaini na sita.
Hatukuzipoteza, nikamwambia. Mbili zilishonwa zikawa moja,
na mshono upo hadi leo, ncha mbili zilizokutana
katikati ya kitambaa.
Baba akajipapasa tumbo, pale alipopasuliwa.

Na watu, nikasema, mabilioni yote haya, tunafanana mno.
Sokwe wawili wa msitu mmoja wa Afrika ya kati
huenda wakatofautiana kuliko mimi
na mwanamke yeyote wa upande wa pili wa dunia.
"Na sisi hapa," akasema baba, "tumegawana makanisa matatu
kwa ajili ya kinanda."

Nikafika ukurasa wa Nai Bulung.
Mstari wa mamaye, mstari wa babaye:
herufi kwa herufi, sawa.
Baba akafuata kwa kidole. Sawa. Akafunua. Sawa.
Kidole kikasimama.
"Hawa wameoana ndani ya marga."

Neno hilo kwetu lilimtoa mtu kijijini usiku,
na sufuria zake zikatupwa nyuma yake.

Hawana pengine pa kuposa, nikasema. Wote hawafiki mia nane.
Ng'ambo yapo madume, lakini barabara imepita katikati
na wao chini hawashuki.

Nina miaka thelathini na minne, sijaolewa.
Nilidhani sasa atanigeukia mimi.
Hakunigeuka. Alitazama juu,
kwenye mabati.
Tulilipwa mabati, bando nane kila nyumba,
na kwenye karatasi ya barabara sahihi ya kwanza ni yake,
naijua, mwandiko wa ubaoni, mzuri.

Usiku kikaanguka kishindo juu ya paa,
kisha mbegu, moja, moja.
Nikamsikia baba akipapasa gizani kutafuta debe.
Nikangoja mlio.

Alfajiri, nikitoka na plastiki yangu kwapani,
nilimkuta kizingitini, debe mapajani,
akitaja tarombo kwa sauti ya mtu anayehesabu deni.
Alifika wa kumi na saba.
Hakukoma.
Midomo ilikuwa bado inatafuta jina.